Msumari wa Mama na Sumaku ya Ncha Nne

Katika nyumba ya mama yangu, kule Mbita kando ya ziwa, kuna msumari nyuma ya mlango. Mama hufunga nyavu za wavuvi. Mtu humletea wavu mpya na kamba mpya, naye huziunganisha, maboya juu, vizito vya risasi chini, hadi wavu uweze kusimama wima majini. Kazi hiyo huanza kwa kukunja kamba. Kamba iliyokunjwa vizuri hutundikwa kwenye msumari ikingoja siku yake. Iliyokunjwa vibaya huachwa sakafuni, na kabla ya chai ya saa nne mama huwa ameifungua yote na kuikunja upya bila kusema neno. Tangu nilipoanza kumsaidia nikiwa darasa la tatu hadi nilipokwenda chuo kikuu, hakuna kamba yangu hata moja iliyowahi kufika kwenye ule msumari.

Nalisema hili mapema kwa sababu mimi ni mtu wa maringo, na sitaki msomaji agundue katikati ya safari. Nabuni sumaku za mashine zinazokimbiza chembe ndogo kuliko atomu. Nimesoma kwa jasho langu, nimeajiriwa ng'ambo katika maabara ambayo watu wengi waliosoma kunishinda wanaitamani, na nikiingia mahali natembea kama ninayejua ninakokwenda. Lakini katika kila cheti nilichopewa, nyuma ya makofi, nilikuwa nauona ule msumari ukiwa mtupu.

Mimi pia ni wa mkono wa kushoto. Kwetu huo ni mtihani. Nilifundishwa kusalimia kwa kulia, kula kwa kulia, kumpa mtu kitu kwa kulia, na hayo yote niliyashika. Penseli na kamba zilinishinda. Mama huzungumza nami Kijaluo. Kiswahili chake ni cha wanunuzi wa samaki, askari na hasira. Nikisikia Kiswahili nyumbani nilijua nimekosa. "Wewe mtoto, kunja kama watu!" angesema, kisha angeninyang'anya kamba. Hakuwahi kueleza zaidi ya hapo. Mimi nami nikaamua moyoni kwamba ugomvi wake ni na mkono wangu, na kwamba siku moja mkono huohuo utamwonyesha.

Baba hakujali mkono. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu Masara, kule Migori, na likizo za shule nilipelekwa kwake. Baada ya kuosha mchanga kwenye karai, chini hubaki mchanga mweusi uliojaa chuma, na dhahabu kidogo ikiwa siku ni njema. Mchanga huo hukaushwa, kisha chuma hutolewa kwa sumaku. Sumaku ya baba ilikuwa imeng'olewa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaivisha karatasi ya nailoni ili chuma kisigande. Ukiishusha chini sana au ukifanya haraka, chuma huruka kwa wingi na kubeba dhahabu ndani yake, na ukimwaga umemwaga chakula. Unaipitisha juujuu, polepole, mara nyingi. Baba alinipa kazi hiyo kwa sababu mkono wangu wa kushoto hautetemeki. Aliwaambia wenzake hivyo mbele yangu, nami nikavimba kichwa wiki nzima. Baba hayupo tena, lakini sumaku ile iko juu ya meza yangu ya kazi, na mgeni akiuliza mimi humwambia kwamba hiyo ndiyo shule yangu ya kwanza ya fizikia.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana siwezi kujisifu kwa kitu ambacho msomaji hakijui. Chembe hizo hukimbizwa ndani ya bomba lisilo na hewa. Zikiachwa zenyewe hutawanyika kama watoto kengele ya mwisho ikilia. Kwa hiyo kuna sumaku za kuzibana, na hizo huwa na ncha nne kuzunguka bomba, kaskazini na kusini kwa zamu. Sumaku moja huzibana chembe kutoka ubavuni huku ikiziachia juu na chini. Inayofuata imegeuzwa robo mzunguko, nayo hufanya kinyume. Zikipangwa kwa zamu, chembe hufika mwisho wa safari zikiwa zimekusanyika katika mstari mwembamba.

Nguvu ya sumaku zetu hutoka kwenye koili nne za kebo. Kebo ni bapa, imesokotwa kwa nyuzi nyembamba za madini ya pekee, na ikipozwa kwa heliamu ya majimaji hupitisha umeme mwingi ajabu bila kuuzuia hata kidogo. Tatizo ni kwamba kebo hiyo ina hasira za karibu. Uzi mmoja ukisogea hata kwa chini ya upana wa unywele, msuguano huzaa joto, joto huharibu ubaridi, na mara moja umeme hauna tena njia nyepesi ya kupita. Sumaku huzimika kwa kishindo na heliamu huwa mvuke. Sumaku mpya huzimika mara kadhaa, na hilo halitutishi, kwa sababu kila ikizimika nyuzi hutulia mahali pake na mara inayofuata hubeba umeme zaidi. Huwa tunasema inajifunza.

Sehemu yangu ilikuwa miisho ya koili, pale kebo inapomaliza upande mmoja na kukunja kona kurudi upande wa pili. Kona hiyo ndiyo inayosumbua kila mbunifu. Nilibuni umbo jipya la kona, fupi kuliko la zamani, na nilikuwa na hakika nalo kama nilivyo na hakika na jina langu. Tukatengeneza sumaku fupi ya majaribio. Ingefaulu, umbo langu lingeingia kwenye sumaku zote za mashine mpya. Ingeshindwa, wangerudia umbo la zamani, na kazi yangu ya miaka ingewekwa kabatini.

Aliyekunja koili ni fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Siku ya pili ya kukunja aliniita. Alinionyesha kwamba kwenye kona nyuzi zinainuka na kutoka mahali pake, naye anazirudisha kwa nyundo ya mbao.

"Kebo hii haitaki kwenda upande huu," alisema.

Nilimwambia aongeze mvuto wa mashine ya kukunja, kebo ikazwe zaidi. Nilimwonyesha hesabu zangu, ukurasa kwa ukurasa, zenye rangi nzuri. Zilikuwa sahihi, tena hilo ndilo linaloniuma: koili ikikunjwa kufuata mshale wa saa au kinyume chake, nguvu ya sumaku ni ileile, unageuza tu umeme. Nami nilipochora mara ya kwanza, mkono wangu wa kushoto ulizungusha ulivyozoea kuzungusha. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, kwa sababu kompyuta iliikubali. Fundi aliangalia kurasa, akaniangalia mimi, akaokota nyundo yake. Aliendelea shingo upande.

Sumaku ilizimika mapema. Tukangoja, tukajaribu tena, ikazimika palepale. Mara ya tatu palepale. Nyaya za kupimia zilionyesha kwamba joto linaanzia kwenye kona za koili mbili. Ile sumaku yangu haikujifunza chochote. Mkuu wa mradi, mwanamke mpole ambaye upole wake hunitisha kuliko makelele, aliniambia kebo iliyobaki inatosha sumaku moja zaidi tu. Angeitisha kikao baada ya wiki mbili kuamua kama itakunjwa kwa umbo langu au la zamani. Nilikuwa na likizo iliyopangwa tangu zamani. Akanishauri niende.

Nilifika Mbita nimenuna. Mama alishasikia kwa simu kwamba kazi imekwenda mrama, na kumbe alikuwa amelipeleka kanisani. Jumapili mama mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza kama ile chuma yangu imepata nafuu. Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kisha nikaona aibu, maana kanisa zima lilikuwa linaombea kitu nilichokuwa nimeanza kukikatia tamaa.

Jumatatu asubuhi mvuvi mmoja alileta nyavu mbili na bunda la kamba mpya, ile ya nailoni yenye nyuzi tatu nene zilizosokotwa. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, sindano ya mbao mkononi. Sikuambiwa nisaidie. Niliketi tu nikaanza kukunja, mawazo yangu yakiwa kwenye kile kikao. Nilikuwa nimefika katikati ya bunda nilipomsikia.

"Hiyo kamba unakunja aje?"

Kiswahili. Mwili ulinisisimka nikarudi darasa la tatu.

"Nakunja kama siku zote, mama."

"Si ndio shida! Angalia hapo. Umeifungua tumbo."

Niliangalia. Kwenye kila mkunjo, pale kamba inapogeuka, nyuzi tatu zilikuwa zimeachana na kutoa nafasi katikati, ungeweza kupitisha kidole. Nami nilifanya lile nililotamani kulifanya tangu utotoni. Nilimjibu.

"Mama, mimi ni wa mkono wa kushoto. Mungu ndiye aliyenipa. Mpaka lini utaugombeza?"

Aliweka sindano chini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba ya jirani asiyemfahamu.

"Mkono?" alisema. "Nani ameongea mkono? Kunja na mkono yoyote, hata na mguu ukitaka. Kamba ndio iko na msokoto yake. Ukiifuata inalala. Ukiipinga inajifungua."

Akachukua kamba ile, akaipokea kwa mkono wake wa kushoto, makusudi kabisa, na kuizungusha upande mwingine. Nyuzi zikafungana. Kamba ikalala duara juu ya duara, tulivu.

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nakumbuka nilimnyang'anya kamba. Niliikunja kinyume, tumbo likafunguka. Nikaikunja kwa kufuata msokoto, likafunga. Kinyume tena. Wanawake wawili waliokuja kuangalia nyavu zao walisimama mlangoni wakamwuliza mama kwa Kijaluo kama msichana wake ni mzima. Mama akawajibu kwamba ng'ambo kuna baridi sana. Mimi sikuwa na habari nao. Nilikuwa naiona kona ya koili yangu, na nyuzi zinazoinuka, na nyundo ya mbao. Kompyuta yangu ilikuwa imeihesabu kebo kama kipande kimoja cha chuma kisicho na msokoto. Msokoto nilikuwa nimeuacha nje, mimi niliyekulia sakafuni kwenye kamba.

Ilinichoma. Sitasema vinginevyo. Fundi aliniambia kwa lugha yake, na mama alikuwa ameniambia kwa vitendo maelfu ya mara, kila alipofungua kamba yangu na kuikunja upya mbele ya macho yangu. Wote wawili nilikuwa nimeamua kwamba wananionea mimi. Wala hawakuwa wananiangalia mimi. Walikuwa wanaangalia kamba.

Siku ya kikao nilipanda gari kwenda mjini Homa Bay, kwa kuwa mtandao wa kwa mama hupotea kila upepo wa ziwani ukivuma. Nilikodi chumba kidogo kwenye hoteli, nikafungua kompyuta, nikaweka kando yake vipande viwili vya kamba ya mvuvi, kimoja kimekunjwa hivi na kingine vile. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeandika maelezo mazuri ya kitaalamu. Ndani yake hapakuwa na mama wala fundi. Yangenitoa nikiwa safi, mtu aliyegundua kosa kwa akili zake. Niliyasoma mara moja nikaona haya, nikayafuta.

Kikao kilipoanza niliinua vipande vya kamba mbele ya kamera.

"Umbo la kona si baya," nilisema. "Ni mimi niliyechagua upande wa kukunja bila kufikiri. Kebo yetu imesokotwa kuelekea upande mmoja, na mchoro wangu unaikunja kinyume cha msokoto. Kwenye kona inajifungua, kama hii. Fundi aliniambia, nami sikumsikiliza. Naomba kebo iliyobaki ikunjwe kwa umbo langu, lakini kwa kufuata msokoto."

Mkuu wa mradi alisogea karibu na kamera yake kuitazama kamba.

"Umejuaje?" aliuliza.

Hapo sauti yangu ilipata nguvu ambayo sikuitarajia.

"Mama yangu hufunga nyavu," nilisema. "Hana mwenzake ufukwe mzima. Yeye ndiye aliyeniambia."

Kutoka kona ya skrini fundi alikohoa. Alikuwa ameketi nyuma, mikono kifuani.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia. Nisamehe."

"Mwambie mama yako aje anifanyie kazi," alisema, na watu wote wakacheka, naye hakucheka. Alikuwa anasema kweli. Mkuu wa mradi alitupa ile kebo ya mwisho.

Niliporudi maabara sikukaa ofisini. Nilikaa karibu na mashine ya kukunja siku zote za kazi ile. Kwanza fundi alikunja koili ya mazoezi kwa kebo ya shaba tupu, tukaikata ncha kwa msumeno tuone ndani. Nyuzi zote zilikuwa zimekaa. Kisha akakunja zile nne za kweli, na ile nyundo ya mbao haikuondoka kwenye droo. Mara mojamoja alinipa mimi nishike kebo kwenye kona, niisikie inavyotii. Niliishika kwa mkono wa kushoto.

Jaribio lenyewe lilifanyika asubuhi. Tuliongeza umeme kidogo kidogo. Ilizimika mara ya kwanza, ikazimika ya pili ikiwa juu zaidi, na ya tatu juu zaidi tena. Ilikuwa inajifunza. Mara iliyofuata ilipita pale ile ya kwanza ilipokuwa ikikwama, ikapanda hadi kiwango tulichokusudia, ikasimama hapo bila kutikisika. Hakuna aliyepumua. Mkuu wa mradi alihesabu dakika kwa sauti, na alipofika mwisho aliweka mkono wake begani mwangu. Nililia mbele ya watu. Mimi mwenye maringo yote hayo, nililia na sikutafuta kitambaa.

Fundi alinipa ile ncha ya koili ya mazoezi, imesuguliwa ikang'aa, na kitundu amekitoboa pembeni. Nilisafiri nayo kwenye mkoba. Kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi afisa wa forodha aliigeuzageuza, nzito, ya shaba, imegandishwa kwa gundi ngumu, akaniuliza ni nini.

"Ni kamba," nilimjibu. "Nampelekea mama aiangalie."

Aliirudisha mkobani, akaniachia nipite.

Nilimkuta mama pale pale mkekani. Nilimpa ile ncha kwa mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa, nikaketi. Hakuuliza imetoka wapi. Alivuta miwani, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaanza kupitisha kidole gumba kwenye kona, mkunjo kwa mkunjo, polepole, akitafuta tumbo lililofunguka. Nilishika pumzi kuliko nilivyoishika siku ya jaribio. Alipofika mwisho alirudia tena kutoka mwanzo. Ile gundi isingemruhusu kuifungua hata angetaka, lakini mama yangu ninamjua, angeiweka sakafuni.

Aliinuka kwa shida, mkono kiunoni, akaenda nyuma ya mlango. Aliupima ule msumari kwa kuuvuta.

"Hii itaanguka," alisema kwa Kijaluo. "Ni mdogo. Nyathina, mtoto wangu, lete ule wa inchi sita, uko kwenye mkebe."

Nilileta msumari na nyundo. Alichagua mahali, juu kidogo ya ule wa zamani, akaushikilia msumari ukutani kwa vidole viwili na kuniambia nipige. Niliinua nyundo kwa mkono wa kushoto. Vidole vyake havikusogea.